Ukavu Kwanza, Ulaini Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Matandiko ya Wanyama Unaowafuga Nyumbani

Ukipita katika ploti za Kondele alfajiri, kabla magari hayajajaa kwenye barabara ya Kakamega, utajua kwa masikio nani anafuga nini. Vifaranga wanalia ndani ya katoni nyuma ya kochi. Sungura wanakwaruza mbao za kizimba kilichoegemezwa ukutani. Mbwa wa langoni anajikuna juu ya gunia lake kuukuu.

Wafugaji wengi huuliza kuhusu chakula, chanjo na bei sokoni. Ni wachache wanaouliza mnyama analala juu ya nini. Ilhali katika makazi yetu yaliyobanana, kuku hula, hutembea, hujisaidia na hulala mahali pale pale. Sungura vivyo hivyo. Matandiko yakiwa mabaya, mnyama hana pa kukimbilia, na mara nyingi wewe na watoto wako mnavuta hewa ile ile anayoivuta yeye.

Huduma za mifugo na maslahi ya wanyama ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamlinda mnyama dhidi ya kufungiwa katika hali inayomtesa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutimiza wajibu huo kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa Kisumu, bila gharama kubwa.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTANDIKA

Wengi wetu huchagua matandiko kwa kuyagusa na mkono, na yakiwa laini tunaridhika. Ulaini ni mzuri, lakini si wa kwanza. Jiulize maswali haya manne kwa mpangilio huu:

1. Je, ni makavu, na yataendelea kuwa makavu hadi kesho?
2. Je, hayana vumbi wala ukungu?
3. Je, hayana dawa, rangi, gundi wala mafuta?
4. Je, nitaweza kuyabadilisha kila yanapochafuka?

Tandiko likishindwa swali moja, litafute jingine. Nyasi kavu za bure unazoweza kuzibadilisha kila siku mbili ni bora kuliko blanketi la bei ghali litakalokaa miezi mitatu bila kufuliwa.

VIFARANGA: MARANDA NDIYO, VUMBI LA MSUMENO HAPANA

Tuanze na vifaranga, kwa kuwa ndio wanaofugwa na wengi na ndio wanaokufa haraka.

Kwa fundi seremala kuna vitu viwili ambavyo wengi hudhani ni kimoja. Kuna maranda, yale mapande membamba yaliyojikunja yanayotoka kwenye randa. Na kuna vumbi la mbao, ule unga unaodondoka chini ya msumeno. Maranda yana nafasi katikati, hivyo hewa hupita na unyevu hukauka. Vumbi hushikana, huingia puani na machoni, na kifaranga ambaye bado hajui chakula ni kipi hulidonoa akidhani ni mashi.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa hasara. Nilipoanza kufuga nilibeba gunia la vumbi la mbao kutoka karakana ya jirani, nikafurahi kwamba nimepata kitu laini bila kulipa. Siku ya nne vifaranga walianza kusimama pembeni huku mabawa yameshuka. Nilipowashika, gole la kila mmoja lilikuwa gumu kama kokoto. Walikuwa wamejaza vumbi badala ya chakula. Nilipoteza zaidi ya nusu.

Tandika maranda kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Siku mbili au tatu za mwanzo unaweza kuyafunika ili vifaranga wajifunze kula chakula chao, si matandiko. Lakini usitumie gazeti laini peke yake. Kifaranga huteleza juu yake, miguu ikatanuka pande mbili, na akizoea hivyo anaweza kuwa kilema. Tumia karatasi ya kukwaruza, kwa mfano ya katoni yenye mikunjo au ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa vizuri hadi isibaki na unga, kisha uiondoe wakishazoea kula.

Maranda yakiadimika, maganda ya mpunga kutoka vinu vya Ahero na Kano ni mbadala mzuri. Ni mepesi na hayashikani kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba hayanyonyi maji kama maranda, kwa hivyo chombo cha maji kisivuje. Ukipata maganda yaliyokaa nje kwenye mvua, yaache. Makapi ya miwa kutoka maeneo ya viwanda vya sukari yanaweza kutumika yakiwa makavu kabisa, ila huota ukungu upesi yakiguswa na maji.

Ukungu si jambo la kupuuza. Vijidudu vyake huruka hewani vifaranga wanapokwaruza, vikaingia kwenye mapafu. Utaona kifaranga anapumua kwa kinywa wazi akinyoosha shingo. Ukungu ukishaonekana au kunuswa, usianike tandiko hilo ili ulirudishe. Litupe.

JARIBIO LA NGUMI NA JARIBIO LA KUCHUCHUMAA

Huhitaji mashine kujua kama matandiko yamechoka. Chukua konzi moja, ulifinye, kisha ufungue mkono. Likibaki donge, matandiko yana maji mengi mno. Likisambaratika polepole, yako sawa. Lisiposhikana hata kidogo na vumbi likaruka, yamekauka kupita kiasi, na vumbi hilo litawasumbua ndege machoni na kifuani.

Jaribio la pili ni la pua. Tukiwa wima hatunusi kile anachonusa kifaranga. Chuchumaa, weka uso wako karibu na usawa wa vifaranga, kisha uvute hewa. Ukisikia harufu kali inayochoma macho, hiyo ni amonia inayotokana na kinyesi kilicholowa. Wewe umeivuta kwa nusu dakika. Wao wameivuta usiku kucha. Ondoa sehemu zilizolowa, hasa kuzunguka chombo cha maji, ongeza maranda makavu na ufungue dirisha.

Matandiko yaliyolowa ndiyo pia kitalu cha ugonjwa wa kuhara damu, unaojulikana kitaalamu kama koksidiosisi. Vimelea vyake hutoka na kinyesi cha kuku mgonjwa vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vinahitaji joto na unyevu ili vikomae, na joto la Kisumu halihitaji kuongezwa. Mfugaji anayenunua dawa kila wiki huku sakafu imelowa anazima moto kwa mkono mmoja na kuuwasha kwa mwingine. Ukiona kinyesi chenye damu, badilisha matandiko siku hiyo hiyo na umwite afisa wa mifugo.

Wapo wanaonyunyiza chokaa juu ya matandiko kuku wakiwa bado ndani. Usifanye hivyo. Chokaa huchoma miguu na macho, na ikikutana na kinyesi huifukuza amonia itoke hewani kwa wingi zaidi. Nafasi ya chokaa ni baada ya kuuza kundi zima, ukishaondoa kila kitu na kuosha, kabla ya kuliacha banda wazi kwa wiki mbili hivi ndipo ulete vifaranga wapya.

JIKO, BALBU NA MARANDA: HATARI KWA PLOTI NZIMA

Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Ndiyo maana wengi huweka jiko la makaa au balbu ya stima ndani ya bruda. Na hapo ndipo tandiko zuri hugeuka kuwa kuni.

Katika nyumba za mabati na mbao zilizopakana ukuta kwa ukuta, cheche moja kwenye maranda makavu haichomi vifaranga pekee. Kama huna budi kutumia jiko, liweke juu ya matofali, lizungushie waya wenye nafasi ya kutosha, na uhakikishe hakuna maranda yanayolifikia. Balbu ining'inie kwa mnyororo au waya imara, si kwa kamba ya katani wala kwa waya wake wa stima. Na usilale chumba kimoja na jiko linalowaka madirisha yakiwa yamefungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu kama inavyoua vifaranga.

Njia iliyo salama zaidi kwa mfugaji mdogo ni bruda isiyo na moto. Chukua sanduku au kapu pana, weka duara la kitambaa au katoni ndani yake, kisha ujaze nyasi kavu katika nafasi iliyo kati ya duara na ukuta wa nje. Chini tandika maranda. Juu funika kwa gunia safi au blanketi jepesi, ukiacha nafasi ya hewa. Nyasi huzuia joto la miili ya vifaranga lisipotee. Duara linasaidia pia kwa sababu halina pembe, na kwenye pembe ndiko vifaranga hurundikana wakakosana hewa. Usiku wa baridi unaweza kuweka katikati chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa.

Waangalie tabia zao. Wakirundikana na kulia, wanahisi baridi. Wakisambaa mbali na kuhema, wana joto jingi. Wakilala wametawanyika kwa utulivu, umepatia.

SUNGURA: UBAO KWA MKUBWA, NYASI KWA MCHANGA

Sungura wengi hapa mjini hufugwa kwenye vizimba vyenye sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini. Wazo ni zuri kwa usafi, lakini nyayo za sungura hazina ngozi ngumu kama za mbwa. Zina manyoya tu. Akisimama juu ya waya mchana na usiku, manyoya hulika na vidonda hutokea. Dawa yake ni rahisi: weka ubao uliopigwa randa, usio na misumari wala vijiti vinavyochoma, wa kumtosha kulala amejinyoosha. Uoshe na uuanike juani mara kwa mara. Ukiwa na bao mbili unaweza kuzipokezana.

Usimrundikie sungura mkubwa nyasi nene msimu wa joto. Sungura hatoi jasho, na hutegemea sana masikio yake kutoa joto mwilini. Hapa Kisumu, ambako mchana hufika nyuzi 30 mara kwa mara, joto huweza kumuua upesi kuliko baridi. Kivuli na hewa vinamfaa zaidi.

Kwa jike mwenye mimba mambo ni tofauti. Hubeba mimba kwa takriban siku 31. Siku ya 27 au 28 mwekee sanduku la kuzalia lenye matundu madogo chini ya kupitisha mkojo, ulilojaza nyasi kavu laini. Yeye mwenyewe atang'oa manyoya ya kifuani na kuyachanganya humo. Watoto huzaliwa bila manyoya na macho yao hufunguka baada ya siku 10 hivi. Kwa muda huo wote, kiota ndicho ngozi yao ya pili. Kikilowa wakati wa mvua, wanaweza kufa kwa baridi usiku mmoja.

Usitumie nyuzi, sufi za mto wala vitambaa vinavyochanika. Uzi hujizungusha kwenye mguu mdogo na kuukata damu. Vumbi la mbao nalo halifai kabisa, maana sungura hupumua kwa pua, na pua iliyojaa vumbi huanza kutoa makamasi.

MBWA NA PAKA: VIROBOTO HAWAKO PALE UNAPODHANI

Mbwa akijikuna tunampaka dawa, tunatulia, na baada ya wiki mbili anaanza tena. Sababu ni kwamba viroboto wakubwa unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu, takriban 5 kati ya kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na mabuu waliojifungia kwenye vifuko, na wako kwenye tandiko, mkeka na nyufa za sakafu. Ukimtibu mbwa ukaliacha gunia lake, umefanya nusu ya kazi.

Kwa hivyo tandiko bora la mbwa ni lile linalofulika. Blanketi la mitumba kutoka Kibuye linatosha. Kata vifungo na zipu kwanza, kwa sababu mbwa mdogo hutafuna na kumeza. Godoro kuukuu la sponji ni hatari kwa sababu hiyo hiyo: kipande kilichomezwa huziba utumbo. Fua kwa maji ya moto na sabuni kila wiki, anika juani pande zote mbili, na ufagie mahali anapolala kabla ya kulirudisha.

Wenye sakafu ya udongo wawe makini zaidi. Funza hustawi kwenye vumbi kavu lililolegea, na mbwa huweza kuwabeba na kuwaleta mpaka miguuni mwa watoto. Ukavu tunaousema si vumbi. Nyunyiza maji kidogo unapofagia, shindilia au kandika sakafu, na umwinue mbwa kwa pegi au mbao zilizopigwa misumari vizuri.

Tahadhari moja kwa wenye paka. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina pemethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Usiinyunyize kwenye tandiko la paka, wala usimwache alale kwenye tandiko la mbwa lililotoka kunyunyiziwa. Paka hujilamba, na kile kilicho kwenye manyoya huishia tumboni. Soma kibandiko, na usipoelewa umuulize daktari wa mifugo kabla ya kufungua chupa.

VITU VYA KUEPUKA KABISA

Kabla ya kubeba gunia kutoka kwa fundi, muulize leo amekata mbao gani. Nguzo za uzio na mbao nyingi za paa hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Dawa moja ya aina hiyo ina shaba, kromi na arseniki, na huipa mbao rangi ya kijani. Maranda yake hayafai kwa mnyama yeyote, wala hayafai kuchomwa jikoni. Epuka pia maranda ya mbao zilizopakwa oili chafu, rangi au vanishi, na vumbi la plaiwudi na MDF lenye gundi. Maranda ya mwerezi, yenye harufu kali inayopendeza pua zetu, hudhuru mapafu na ini la wanyama wadogo. Yaepuke.

Magunia yaliyobeba dawa za shambani au mbolea ya dukani yasitumike, hata yakioshwa mara tatu.

Wakazi wa kando ya ziwa nao huuliza kuhusu gugumaji, maana linapatikana tele. Mmea huu una maji mengi mno mwilini. Hukauka juu huku ndani unaoza, na ndani ya siku chache huota ukungu. Isitoshe, hufyonza madini yaliyomo kwenye maji machafu, na sungura hutafuna kila anacholalia. Liachie mafundi wa kusuka.

MATANDIKO YALIYOTUMIKA YAENDE WAPI?

Usiyamwage mtaroni. Maranda yaliyojaa kinyesi huziba mitaro, na mvua ikinyesha maji hutafuta njia kupitia milangoni mwetu, kisha uchafu hufuata mito hadi ziwani. Yarundike mahali palipoinuka, mbali na kisima, uyafunike, na uyageuze kila baada ya siku kadhaa hadi yaoze na joto la rundo liishe. Hapo ni mbolea nzuri kwa sukuma wiki na managu. Usiyaweke mabichi kwenye mboga, kwani huchoma mizizi na hubeba vijidudu. Usipokuwa na shamba, tafuta jirani mwenye bustani. Wengi watakuja na gunia lao wenyewe.

Funika pua na mdomo unapobadilisha matandiko na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza. Kuku, hata wanaoonekana wazima, huweza kubeba bakteria wa salmonela. Watoto walio chini ya miaka 5 wasichezee maranda ya kuku, na bruda isiwekwe mahali pa kupikia.

JIANDAE KABLA YA MVUA

Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, huja na uhaba wa kitu kikavu. Kila mfugaji anatafuta maranda siku ile ile ambayo karakana zimelowa. Weka gunia moja au mawili ya akiba ndani, juu ya mbao, kabla mawingu hayajafunga. Ziba paa linalovuja juu ya kizimba na ukiinue kutoka ardhini.

Hii hapa ratiba rahisi unayoweza kubandika ukutani:

Kila siku: toa matandiko yaliyolowa karibu na maji, angalia kiota cha sungura, chuchumaa na unuse.
Kila wiki: fua tandiko la mbwa na paka, osha ubao wa sungura, geuza maranda ya kuku na uongeze makavu.
Kila kundi jipya la vifaranga: ondoa yote, osha, acha banda likauke.

Mnyama akiugua licha ya haya yote, fika ofisi ya mifugo ya wadi yako mapema, na ubebe konzi la matandiko anayolalia ndani ya mfuko uliofungwa. Mara nyingi afisa ataanza kwa kuuliza kuhusu chakula. Mwonyeshe na mahali alipolala.